Carl Jung, mtoto aliyezimia kila alipofungua daftari

Mzazi, huenda umewahi kuitwa shuleni kwa sababu mwanao ameanguka. Unafika, unamkuta amelazwa chini ya mti, wenzake wamemzunguka, mwalimu anampepea kwa daftari. Mmoja anasema ni mapepo. Mwingine anasema ni kifafa. Wa tatu ananong'ona kwamba anajifanya, kwa kuwa leo ni siku ya mtihani wa hisabati. Huku Busunzu, katika nyanda hizi za juu kati ya Kasulu na Kibondo, nayasikia majibu hayo matatu karibu kila muhula, na mara nyingi mtoto hufika kwangu akiwa tayari amezungushwa wiki nyingi.

Leo nataka nikupe jibu la nne. Nitakupa kwa kukusimulia maisha ya mtu ambaye jibu hilo lilimpata mwilini mwake akiwa na umri wa miaka 12, akakua, akawa daktari wa magonjwa ya akili, na jina lake likajulikana dunia nzima. Aliwahi hata kufika Afrika Mashariki na kuzungumza na wazee wetu kwa Kiswahili. Jina lake ni Carl Gustav Jung. Simsimulii kwa sababu alikuwa mtakatifu. Utaona kwamba hakuwa. Namsimulia kwa sababu maisha yake yanafundisha jambo ambalo mgonjwa na mzazi wanalihitaji: mwili unaweza kusema kile ambacho mdomo umeshindwa kukisema.

Mtoto wa mchungaji

Jung alizaliwa tarehe 26 Julai 1875 katika kijiji cha Kesswil, nchini Uswisi, kando ya ziwa. Baba yake, Paul, alikuwa mchungaji wa kanisa la Kiprotestanti, na mama yake, Emilie, alitoka katika ukoo wa wachungaji. Nyumba ilikuwa na heshima lakini haikuwa na fedha. Kaka yake aliyemtangulia alikufa siku chache tu baada ya kuzaliwa, na dada yake alizaliwa yeye akiwa na miaka tisa. Kwa hiyo alikua peke yake, akicheza peke yake, akijibu maswali yake mwenyewe.

Alipokuwa na miaka mitatu hivi, mama yake aliugua na kulazwa miezi kadhaa katika hospitali ya mji wa Basel. Mtoto aliachwa na ndugu na mtumishi wa nyumbani. Katika kipindi hicho ngozi yake ilipata ukurutu. Alipokuwa mzee alieleza kwamba kuondoka kule kwa mama kulimwachia mashaka ya muda mrefu kila aliposikia neno upendo.

Mzazi, simama kidogo hapa. Mara nyingi tunadhani mtoto wa miaka mitatu haelewi, kwa hiyo mama anapolazwa au baba anaposafiri kwenda kutafuta riziki, mtoto haambiwi kitu. Anaamka, mtu hayupo. Mtoto mdogo hawezi kufahamu sababu za hospitali, lakini anafahamu kuachwa. Mwambie kwa maneno mafupi nani ameondoka, kwa nini, na nani atamlea hadi atakaporudi. Mwambie tena kesho, na kesho kutwa.

Kuanguka kwenye ukingo wa barabara

Mwaka 1887, Jung akiwa na miaka 12, alikuwa amesimama uwanjani mbele ya kanisa kuu la Basel akimsubiri mwenzake baada ya masomo. Mvulana mwingine akamsukuma. Akaanguka, kichwa kikagonga jiwe la ukingo wa barabara. Hakuumia sana. Lakini pale pale chini lilimpita wazo moja la haraka kama radi: sasa hutalazimika tena kwenda shule.

Tangu siku hiyo alianza kuzimia. Akiambiwa aende shule, anazimia. Akiambiwa afanye kazi ya nyumbani, anazimia. Alikaa nje ya shule zaidi ya miezi sita. Wazazi wakahangaika na madaktari, wakampeleka kwa ndugu kubadilisha hali ya hewa. Daktari mmoja alihisi ni kifafa. Mtoto mwenyewe alifurahia uhuru wake: alizurura msituni, alisoma vitabu vya baba, alichora. Ila ndani yake kulikuwa na sauti ndogo iliyomsuta.

Siku moja rafiki wa baba alikuja kutembea. Jung akajificha kichakani asikilize. Mgeni akauliza hali ya kijana. Baba akajibu kwa huzuni kwamba madaktari hawajui tatizo ni nini, kwamba akiba yake kidogo imekwisha, na kwamba hajui mtoto huyu ataishije kama hawezi kujitafutia riziki.

Maneno yale yalimchoma. Aliondoka kimya, akaingia katika chumba cha baba, akachukua kitabu cha sarufi ya Kilatini, akaanza kusoma. Baada ya dakika kumi akazimia, nusura aanguke kutoka kwenye kiti. Akaamka, akaendelea. Baada ya robo saa ikaja tena. Akaendelea. Baada ya saa nzima ikaja mara ya tatu. Akaendelea bado. Kisha ikaisha, na haikurudi tena. Wiki chache baadaye alikuwa shuleni.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopotoka. Je, yule mtoto alikuwa anajifanya? Hapana. Mtu anayejifanya anajua kwamba anajifanya. Jung alianguka kweli, alipoteza fahamu kweli. Je, alikuwa na kifafa? Hapana. Je, alikuwa na mapepo? Alikuwa mtoto anayeichukia shule. Hisabati ilimtesa, wenzake walimwona wa ajabu, na hakuwa na njia ya kusema nyumbani kwamba hataki kwenda. Mwili ukasema kwa niaba yake.

Mambo haya si ya Uswisi peke yake. Mwaka 1962, tarehe 30 Januari, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni pale Kashasha, mkoa tunaouita leo Kagera, wasichana watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Ikaenea. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na walipopelekwa makwao hali ikajitokeza pia katika vijiji vingine. Madaktari walipima damu, wakachunguza chakula, hawakuona sumu wala vimelea. Wasichana wale hawakuwa wakicheza. Walikuwa wamebeba mzigo usio na jina, mbali na mama zao, chini ya sheria kali za bweni, katika nchi iliyopata uhuru wiki chache tu zilizopita na yenye matarajio makubwa juu ya wasomi wake wachache.

Muhogo na mzizi wake

Jung aliingia Chuo Kikuu cha Basel kusoma udaktari mwaka 1895. Baba yake alifariki mwanzoni mwa 1896, na kijana akalazimika kukopa kwa ndugu ili amalize. Alipochagua kuwa daktari wa magonjwa ya akili, wenzake walishangaa. Wakati ule kazi hiyo ilidharauliwa. Wagonjwa wa akili walifungiwa nje ya miji, na daktari wao alifungiwa pamoja nao.

Desemba 1900 alianza kazi katika hospitali ya Burghölzli, Zürich, chini ya Profesa Eugen Bleuler, aliyetaka madaktari wake waishi karibu na wagonjwa na kuwasikiliza. Hakukuwa na dawa yoyote ya maana ya maradhi hayo. Dawa ya kwanza ya kweli ya kutuliza ugonjwa mkali wa akili, klopromazini, ilianza kutumika miaka ya 1950. Kwa hiyo silaha pekee ya Jung ilikuwa masikio yake.

Katika wodi ya wanawake alimkuta bibi wa miaka kama 75, aliyelala kitandani kwa miongo mingi bila kusema neno la maana, akipeleka mikono mbele na nyuma siku nzima. Wauguzi waliona ni wazimu tu. Bibi yule alipofariki, kaka yake alikuja mazishini. Jung alimwuliza dada yake aliugua kwa nini. Akaambiwa kwamba alipokuwa msichana alimpenda fundi viatu, na fundi yule akamkataa. Jung akaelewa. Mikono ile ilikuwa ikishona viatu.

Katika hospitali hiyo alifanya jaribio lililompa jina. Alimsomea mtu orodha ya maneno 100, moja baada ya jingine, na mtu alitakiwa kujibu haraka kwa neno la kwanza linalomjia. Jung alishika saa mkononi. Maneno mengi yalijibiwa upesi. Lakini kwa baadhi ya maneno mtu alikwama, alirudia, alicheka ovyo au alisahau. Jung aliona kwamba maneno yaliyokwamisha yalikuwa na uhusiano: labda yote yaligusa kifo cha mtoto, au deni, au aibu fulani. Chini ya kila mkwamo kulikuwa na mkusanyiko wa maumivu na kumbukumbu uliofungamana. Kiswahili kina neno zuri kwa kitu hicho tangu zamani: fundo. Tunasema fulani ana fundo moyoni. Jung alilipima fundo hilo kwa saa.

Fundo linakaa wapi? Jung, kama Sigmund Freud wa Vienna, alisema kwamba sehemu kubwa ya akili ya mtu imefichika hata kwa mwenyewe. Chukua muhogo wa shambani kwako. Majani na shina unayaona, unaweza kuyahesabu. Lakini kinachoulisha muhogo kiko ardhini. Fikra tunazozijua ni majani. Hofu za utotoni, hasira tulizozimeza, aibu tulizozizika, hizo ziko chini, na zinaendelea kuota.

Baba wa pili, na kuachana naye

Freud alikuwa amemzidi Jung karibu miaka ishirini. Kitabu chake kikubwa juu ya ndoto kilitoka mwishoni mwa 1899. Walipokutana Vienna mwaka 1907 walizungumza kama saa kumi na tatu mfululizo. Mwaka 1909 walisafiri pamoja kwenda Marekani kutoa mihadhara, na mwaka 1910 Jung akawa rais wa kwanza wa chama cha kimataifa cha uchanganuzi nafsi. Freud alimwona kama mrithi.

Lakini hawakukubaliana. Freud alifundisha kwamba nguvu kubwa iliyofichika ndani ya mtu ni tamaa za mwili zilizozuiwa tangu utotoni. Baadaye aligawa nafsi katika sehemu tatu: tamaa zinazodai, dhamiri inayokemea, na nafsi inayohangaika katikati kusuluhisha. Jung aliona hiyo ni sehemu tu ya ukweli. Alisema chini ya kumbukumbu za mtu mmoja kuna tabaka la ndani zaidi, ambalo wanadamu wote wanashirikiana: picha za mama, mzee mwenye hekima, adui, safari, kifo na kuzaliwa upya, zinazorudi katika hadithi na ndoto za kila kabila.

Urafiki ulivunjika kabisa mwaka 1913. Jung alipoteza rafiki, mlezi na marafiki wengi kwa mpigo mmoja, akaporomoka. Aliona njozi za mafuriko ya damu yakifunika Ulaya, akaogopa anapata wazimu. Aliacha kufundisha chuo kikuu. Kwa miaka kadhaa aliandika na kuchora yaliyomjia, kazi iliyokusanywa katika kitabu kikubwa cha jalada jekundu ambacho kilichapishwa kwa wote mwaka 2009 tu.

Nini kilimshikilia asizame? Yeye mwenyewe alitaja mambo ya kawaida kabisa: mke wake Emma, watoto wake watano, nyumba yenye anwani, na wagonjwa waliomsubiri asubuhi. Mgonjwa unayesoma hapa ukiwa katika kipindi kigumu, chukua hilo. Usiache ratiba. Amka, oga, fagia uwanja, palilia hata mstari mmoja wa maharage, kaa na watu wako jioni. Haya hayaondoi ugonjwa peke yake, lakini ni kamba ya kushikilia wakati tiba inafanya kazi.

Mwaka 1921 alitoa kitabu juu ya aina za haiba za watu. Ndiye aliyetufundisha kutofautisha mtu anayepata nguvu akiwa katikati ya watu na yule anayepata nguvu akiwa kimya peke yake. Hakuna kati yao aliye mgonjwa. Kama una mtoto mkimya, anayecheza peke yake na kufikiri sana kabla ya kujibu, usimwite zoba wala usimlazimishe kuwa kama kaka yake mchangamfu. Wasiwasi uje pale mtoto aliyekuwa mchangamfu anapobadilika ghafla kuwa mkimya. Hapo kuna jambo.

Jung aliongeza mambo mengine mawili yatakayokufaa. La kwanza ni barakoa, sura tunayovaa mbele za watu: mwalimu, mwinjilisti, shehe, daktari, mke mwema. Barakoa inahitajika, lakini mtu akisahau kuivua anaumia. La pili ni kivuli, yale mabaya yetu tunayokataa kuyaona, na badala yake tunayaona kwa jirani. Jamii inapoanza kumwonyesha bibi kizee kidole kwa sababu macho yake ni mekundu, wakati macho yale yamewekundishwa na moshi wa kuni wa miaka sitini, kivuli cha jamii nzima kimepata mahali pa kutua. Watu wameuawa kwa sababu hiyo.

Jung na wazee wa Mlima Elgon

Novemba 1925, akiwa na miaka 50, Jung alishuka melini Mombasa. Alikuwa na daktari Mwingereza, Peter Baynes, na kijana Mmarekani, George Beckwith. Baadaye alijiunga nao mwanamke Mwingereza, Ruth Bailey. Walipanda treni hadi Nairobi, kisha wakaelekea magharibi. Pale Kakamega aliona hospitali ndogo na, kwa mshangao wake, nyumba ndogo ya wagonjwa wa akili. Kutoka hapo wakatembea kwa miguu na wapagazi hadi miteremko ya Mlima Elgon, kwa watu aliowaita Waelgonyi, ambao leo huhesabiwa miongoni mwa Wasabaot.

Jung alikuwa amejifunza Kiswahili kiasi cha kufanya mazungumzo. Aliitisha shauri, wazee wakakaa, naye akauliza juu ya ndoto. Wazee wakakwepa. Siku nyingine mzee mmoja, kiongozi wa mambo ya dini, alijibu huku machozi yakimlenga. Alieleza kwamba zamani viongozi kama yeye waliota, na kwa ndoto walijua vita, magonjwa, mvua na mahali pa kupeleka mifugo. Tangu wazungu waje, hakuna anayeota tena, kwa sababu mkuu wa wilaya ndiye anayejua yote.

Jibu lile halikumtoka Jung. Aliona watu walionyang'anywa si ardhi tu bali hata kiti cha ndani walichokalia kujitambua. Aliona pia namna walivyotoka alfajiri, wakatemea viganja na kuvielekeza kwenye jua linalochomoza, bila kuweza kueleza kwa nini. Kwake hiyo ilikuwa dalili kwamba binadamu hufanya mambo ya maana kabla ya kuyafahamu. Kutoka Elgon alipitia Uganda, akashuka Mto Nile hadi Misri mwaka 1926. Kigoma hakufika.

Ningekuficha ukweli kama ningeishia hapo. Jung aliwaita Waafrika watu wa kale, kana kwamba wako hatua nyuma ya Wazungu katika ukuaji wa akili. Hilo si kweli. Akili ya mtoto wa Busunzu na ya mtoto wa Zürich zimeumbwa sawa. Kinachotofautiana ni chakula, elimu, amani na matibabu. Mwaka 1933 alikubali uongozi wa chama cha madaktari wa tiba ya nafsi kilichokuwa na makao Ujerumani, Hitler akiwa ndio kwanza ametwaa madaraka, na akaandika juu ya Wayahudi mambo ambayo hadi leo yanalaumiwa kwa haki.

Liko pia jambo linalokuhusu wewe mgonjwa moja kwa moja. Mwaka 1904 alimtibu msichana wa Kirusi, Sabina Spielrein, akapona vizuri hata akawa daktari na mtaalamu wa nafsi. Lakini uhusiano wao ulivuka mpaka wa daktari na mgonjwa, na Jung alikuwa mtu wa ndoa. Baadaye alikuwa na uhusiano wa miaka mingi na Toni Wolff, ambaye naye alianza kama mgonjwa wake. Elewa hili: mtu anayekutibu nafsi anakushika mahali palipo wazi. Awe daktari, mnasihi, mchungaji, shehe au mganga wa kienyeji, akianza kukutaka kimapenzi, hiyo si tiba wala si sehemu ya dawa. Ondoka, mwambie mtu unayemwamini, na toa taarifa.

Jung alifariki tarehe 6 Juni 1961 nyumbani kwake Küsnacht, kando ya ziwa la Zürich, akiwa na miaka 85. Emma alikuwa amemtangulia mwaka 1955.

Yapi tunayachukua leo

Si kila alichofundisha kimethibitika. Lile tabaka la pamoja la wanadamu wote ni vigumu kulipima, na madaktari wengi wa leo hawalitumii. Lakini kwamba maumivu yaliyofichwa huweza kutoka kwa njia ya mwili, na kwamba kuzungumza kwa utaratibu na mtu aliyefunzwa ni tiba, hayo tunayatumia kila siku.

Kwa hiyo mwanao akianguka shuleni, anza na hospitali. Nasema hivi kwa msisitizo. Kabla ya kuzungumzia moyo, tuondoe malaria, upungufu wa damu, njaa, sukari kushuka, matatizo ya moyo na kifafa. Ukiona mtoto amekakamaa na kurusha viungo, ameng'ata ulimi, amejikojolea, ameanguka akaungua motoni, au amechanganyikiwa na kulala usingizi mzito baada ya kuamka, kifafa kinawezekana sana, na kifafa kina dawa. Mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na mlete. Ikipita dakika tano hajatulia, hiyo ni dharura.

Vipimo vikitoka safi, usirudi nyumbani ukamwambia alikuwa anatuchezea. Na usidhani kwamba kwa kuwa Jung alijisukuma mwenyewe akapona, mwanao naye asukumwe kwa fimbo. Jung hakuchapwa. Alisikia hofu ya baba yake, akaelewa kwamba anapendwa na anategemewa. Kaa na mtoto mahali penye utulivu, labda mkichambua maharage, macho yenu yakiwa kwenye ungo. Muulize nini kinatokea shuleni, si kwa nini anaanguka. Je, kuna anayemwonea? Kuna mwalimu au mtu njiani anayemgusa vibaya? Haoni ubao? Anakwenda na njaa? Kuna ugomvi nyumbani anaouogopa? Msikilize bila kumkatiza. Akikutajia mtu anayemdhuru, mwamini na mlinde kwanza. Kisha mrudishe shule polepole, ikiwezekana nusu siku, kwa kukubaliana na mwalimu. Mtoto akikaa nyumbani muda mrefu hofu yake inakomaa.

Wapo kati yenu mliokimbia vita ng'ambo ya mpaka, na wapo wenyeji waliopokea wageni hao mkibeba misiba yenu wenyewe. Ndoto za kutisha zinazorudi usiku baada ya usiku, kushtuka kwa sauti ndogo, kukwepa njia au maneno fulani, hizo si aibu wala si lazima ziwe laana. Ni fundo lililokazwa na mambo yaliyopita kiasi. Linafunguka kwa msaada.

Na wewe uliyeandikiwa dawa za ugonjwa wa akili, usiziache eti kwa sababu umesoma kwamba Jung alitibu kwa mazungumzo. Alitibu hivyo kwa kuwa dawa hazikuwepo. Wewe unazo zote mbili. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, uliza mhudumu wa afya ya akili au afisa ustawi wa jamii, watakupeleka hospitali ya wilaya, na ikibidi mbele zaidi hadi Mirembe, Dodoma. Kwenda Mirembe si hukumu. Watu wanakwenda, wanatibiwa, wanarudi na kulima mashamba yao. Ukijisikia kutaka kujidhuru, usisubiri kesho. Mwambie aliye karibu nawe sasa hivi, akupeleke hospitali.

Jioni hii, kabla hujamuuliza mwanao kapata alama ngapi, muulize nini kilimfurahisha leo na nini kilimwogopesha. Akinyamaza, usilazimishe. Muulize tena kesho. Tukutane wiki ijayo.